Siku moja langoni Westlands, tumbo likiwaza Doha

Saa kumi na nusu alfajiri niko macho. Kutoka Kangemi natembea kando ya Waiyaki Way hadi kazini Westlands, hapa Nairobi, maana nauli ya asubuhi ndiyo chapati zangu za mchana. Saa kumi na mbili kamili nimevaa sare na kusaini kitabu.

Watu hudhani soja, yaani mlinzi, kazi yake ni kuketi na kufungua geti. Kufikia saa nne nimepitisha kioo chini ya magari, nimeandika vitambulisho, nimepokea vifurushi vya bodaboda, na bado sijakaa. Mkahawa uko hapo chini ya jengo ninalolilinda. Chai yao inamaliza pesa yangu ya chakula cha siku, na ndani ya bei hiyo kuna VAT ya asilimia 16 na tozo ya mikahawa ya asilimia 2. Mimi hunusa tu, kunusa hakujatozwa.

Saa saba ni zamu yangu ya kula. Kibanda cha mathe kiko mwendo wa dakika kumi, na madondo yake, yaani maharagwe, huisha mapema. Nikiwa nimeanza kumkabidhi mwenzangu redio, likaja gari kubwa jeupe, likaingiza pua kwenye nafasi ya mpangaji, mkia ukabaki langoni.

"Mkubwa, hapo ni pa mpangaji. Wageni wanaegesha besimenti."

"Wewe soja, unajua mimi ni nani?"

Sikujua. Ndiyo maana kuna kitabu. Nikaomba kitambulisho, akasema yeye haandikwi. Nikauliza anaenda ofisi gani, akapiga simu, simu haikushikwa. Akapandisha kioo na kukaa ndani na kiyoyozi chake. Nyuma yake foleni ikafika barabarani, honi zote zikinielekea mimi. Mpangaji mwenyewe akafika, akanikaripia mimi. Msimamizi akaniuliza kwa redio lango lina nini. Nikasema "pole mkubwa" mpaka mdomo ukakauka. Mwishowe akateremka besimenti, kisha akapanda lifti akimweleza mtu kwenye simu jinsi usalama wa jengo hili ulivyo mbovu.

Kwa mathe nilifika saa nane na robo, akiosha sufuria.

"Woi, kastama, umechelewa! Kumebaki chapo moja na supu."

Nikala nimesimama, benchi alikuwa ameshazifunga kwa mnyororo.

Hapo ndipo Doha, kule Qatar, hunijia. Kule pia nilikuwa soja, nikarudi baada ya Kombe la Dunia la 2022. Sisemi kulikuwa peponi. Joto la Julai lilitukausha na chumbani tulibanana. Lakini Sanaiya, mtaa wa viwanda wanakolala vibarua, kuna kafeteria za watu wa Kerala, India: feni, sinki la kunawa, jagi la maji mezani. Porota, chapati yao ya tabaka, dengu, na karaki, ile chai nzito ya maziwa na iliki, kwa riyali moja, kama shilingi 33 za wakati ule. Ukitoka zamu usiku wa manane unakuta pamefunguliwa, na kila meza ina mtu wa sare. Hata sheria yao iliyoanza Machi 2021 imehesabu tumbo: mshahara wa chini riyali 1,000, na mwajiri asiyekulisha akuongezee riyali 300 za chakula.

Kwa utamu, madondo ya mathe yanazishinda zile dengu mbali sana. Ninachokosa ni kiti. River Road, katikati ya jiji, utapata hoteli za namna hiyo, lakini huku ni mkahawa wa wakubwa au kibanda kinachofungwa jua likiwa bado juu.

Alasiri ilienda tu. Mvua ikanyesha, mgeni wangu wa gari jeupe akatoka bila kunitazama, mtu wa usiku akachelewa kwa sababu ya jam. Nilipofika Kangemi giza lilikuwa limeingia zamani. Nikanunua yai la kuchemsha na kachumbari, nikala nikitembea, kisha nikawasha meko nisonge ugali.

Kama unasoma hii na una mtaji, fungua pahali karibu na steji ya Kangemi: benchi, maji ya kunawa, chai ya bob thelathini, usifunge kabla ya saa sita usiku. Shifti mbili za masoja ninazozifahamu zitakujazia meza hata ukitupikia dengu tupu.