Glezi ya Majivu na Suala la Maji Ndooni

Kila anayeanza kujifunza kupaka glezi, yaani utando wa kioo unaofunika chombo cha udongo, huomba kwanza fomula, na fomula zipo tele. Ninachokiona katika karakana za ufinyanzi hapa Tabora ni kwamba vyombo huharibikia ndooni, glezi inapochanganywa na maji, kuliko mzanini, viungo vinapopimwa. Kiasi cha maji, na unene wa tabaka linalotokana nacho, ndivyo vinavyoamua iwapo bakuli litatoka tanuruni likiwa na uso laini au likiwa limegandana na rafu.

Kemia yenyewe haina mafumbo mengi. Silika, madini yaliyomo mchangani, ndiyo inayogeuka kioo, lakini peke yake huyeyuka kwa nyuzijoto zaidi ya 1,700, joto ambalo tanuru za wafinyanzi hazifiki. Kwa sababu hiyo huongezwa felspa (madini ya mawe yanayosagwa) na chokaa ili iyeyuke mapema, kisha udongo wenye alumina (oksidi ya alumini) ili ikiyeyuka isichuruzike. Kwa vyombo vigumu vinavyochomwa hadi kati ya nyuzi 1,250 na 1,300, mchanganyiko mwepesi wa kuanzia ni felspa sehemu mbili, majivu ya kuni sehemu mbili na kaolini, yaani udongo mweupe wenye alumina, sehemu moja, kwa uzito.

Majivu kwetu si shida, kwa kuwa mabani ya kukaushia tumbaku hula kuni za miombo msimu mzima na kuacha marundo. Yana chokaa kwa wingi pamoja na potasi, lakini ya bani hili si ya bani lile, maana aina ya mti, gome lake na ardhi iliyouotesha vyote huacha athari. Ndiyo maana naona ni afadhali kukusanya gunia zima kwa mkupuo, kulichanganya vizuri, kuchekecha ili kutoa vipande vya mkaa na misumari, na kujaribu kwenye vigae vidogo kabla ya kugusa chombo cha mteja. Kuosha majivu hupunguza ukali wake, ingawa huondoa pia sehemu ya potasi inayosaidia kuyeyusha. Asiyeyaosha na avae glavu. Barakoa ya kuzuia vumbi haina mjadala, kwa sababu madhara ya vumbi la silika kwenye mapafu hayatibiki.

Unga wa glezi humwagwa juu ya maji, si maji juu ya unga, ukaachwa ulowe usiku kucha, kisha ukapitishwa mara mbili kwenye chujio la matundu laini. Hapo ndipo kipimo kinapohitajika: jaza mililita 100 za glezi katika chombo kinachojulikana uzito, uzipime, utoe uzito wa chombo. Mimi huridhika nikipata gramu 145 hivi kwa vyombo vilivyochomwa mara ya kwanza kwa nyuzi 1,000. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, ndoo isiyofunikwa hupoteza maji mchana kutwa, hivyo kipimo cha asubuhi hakifai jioni. Glezi ikituama chini na kuwa ngumu kama saruji, haluli kidogo (chumvi ya Epsom) iliyoyeyushwa katika maji ya moto huizuia isirudie hali hiyo.

Chombo kipanguswe kwa sifongo yenye unyevu kabla ya kuchovywa, kwani vumbi na mafuta ya vidole huifanya glezi ijikunje na kuacha mapengo. Ndani hupakwa kwanza kwa kumimina, kikaachwa kikauke, maana ukuta mwembamba ukishashiba maji hauvuti tena. Kisha nje: sekunde tatu ndani ya ndoo, kikatolewa na kukung'utwa. Mng'ao wa maji hutoweka pale pale, kuanzia kwenye ukingo, na uso hubaki kama umepakwa poda. Kwaruza kidogo kwa sindano; unene wa milimita moja unatosha, na theluthi ya chini iwe pungufu ya hapo, kwa sababu glezi ya majivu hutiririka.

Kitako hakipakwi. Hapa tuna bahati ya nta ya nyuki, ambayo ikiyeyushwa na kupakwa kwa brashi hufukuza glezi, kisha huungua yenyewe tanuruni. Shika brashi mbali na ukuta wa chombo, kwani tone la nta likidondokea hapo halifutiki kwa kitambaa, na chombo hulazimika kuchomwa upya kabla ya kupakwa tena.