St Helena na Mnunuzi Wake Mmoja

Hapa Swindon, kusini mwa Uingereza, wanaishi watu wengi waliotoka St Helena, kisiwa kidogo cha Atlantiki ya Kusini kilicho chini ya Uingereza. Ninafanya nao kazi ghalani, na ni kwa sababu yao nilianza kufuatilia jinsi uchumi wa kisiwa hicho ulivyofungamana na maamuzi ya London.

Kwa mtu aliyekulia Tanga, kisa cha nyuzi zao kinauma. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 walilima kwa wingi mmea wa majani marefu wenye asili ya New Zealand, wakauchakata katika viwanda vyao kama tulivyochakata mkonge kwenye korona zetu (viwanda vya kutenganisha nyuzi na majani), na singa zake zikanunuliwa Uingereza, ambako Posta ilizitumia kufungia mafungu ya barua. Posta ilipohamia kamba za sintetiki, soko lilianguka, na viwanda vikafungwa mwaka 1966. Nyuzi hizo za kisasa ziliuumiza mkonge wetu pia, lakini Tanzania ilikuwa na kahawa, pamba na karafuu za kuegemea. St Helena, yenye watu elfu chache tu, haikuwa na zao lingine la kushika nafasi hiyo. Kahawa yao, iliyoletwa kutoka Yemen mwaka 1733, husifiwa sana lakini ni kidogo mno.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiita sadaka ruzuku ambayo serikali ya Uingereza huipa bajeti ya kisiwa hicho kila mwaka. Sheria ya uraia ya Uingereza ya 1981 iliwanyima wenyeji wa kisiwa haki ya kuishi na kufanya kazi Uingereza, wakati ambapo kisiwani ajira zilikuwa haba, na hawakurudishiwa haki hiyo hadi mwaka 2002. Waliporudishiwa, wengi walihamia huku, na sasa nguvu kazi ndiyo bidhaa kubwa wanayoipa Uingereza.

Uwanja wa ndege uliogharimu takriban pauni milioni 285 ulianza kupokea safari za kawaida kutoka Johannesburg mwaka 2017, baada ya kucheleweshwa na upepo mkali wa eneo hilo. Watalii wameongezeka kidogo. Wenzangu, hata hivyo, wangali wanatuma pauni nyumbani kila mwezi, kama ninavyotuma mimi Tanga, na fedha hizo husaidia kulipia bidhaa za madukani ambazo karibu zote huingia kwa meli.