Nilivyofuta Neno "Mrithi"

Mwaka 2022 nilichapisha diwani yangu ya kwanza ya mashairi kwa fedha zangu mwenyewe, nakala 200, nikazipanga chini ya kitanda katika chumba nilichopanga Ngamiani, Tanga. Kwa kuwa sikuwa na mchapishaji wa kunisemea, niliona sharti nijisemee, na kwa sauti kubwa. Katika ukurasa wangu wa Facebook nikajiandika "malenga mashuhuri, mrithi wa Shaaban Robert". Kwa miezi 4 niliuza nakala 9, nyingi kwa jamaa zangu.

Maneno hayo yalimfikia mzee mmoja mshairi wa Machui, pande zile zile alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Nilipokwenda kumwamkia, aliitikia shikamoo yangu, kisha akasema, "Mwanangu, urithi hugawiwa. Wewe umegawiwa na nani?" Sikuwa na jibu. Akafungua diwani, akaanza kuhesabu mizani kwa vidole, taratibu, silabi kwa silabi, mpaka akafika kwenye mshororo ambao ukwapi wake, yaani nusu ya kwanza, ulikuwa na mizani 8, na utao, nusu ya pili, 9. Hakusema neno, aliniachia kidole juu ya ile silabi iliyozidi. Mpaka leo nakiona kidole kile kila ninapoandika.

Niliporudi mjini nilifuta "mashuhuri" na "mrithi". Mahali pake niliweka mambo ambayo mtu yeyote anaweza kuyahakiki bila kuniuliza: jina la diwani, mwaka, duka ambako inauzwa, na namba ya ISBN, yaani namba ya kutambulisha kitabu, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Jirani yangu mwimbaji wa taarabu naye alisajili nyimbo zake COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili haumfanyi mtu kuwa msanii bora, lakini huweka wazi kwamba kazi ni ya nani. Aliyetaka kuniuzia wafuasi 10,000 nilimkatalia, kwa sababu wafuasi wa kununua hawasomi shairi.

Kila Ijumaa usiku, bajaji zikishapungua barabarani, nilighani ubeti mmoja na kuurekodi kwa simu, nikauweka pamoja na maandishi yake. Wiki ya tatu niliuweka ule mshororo wenye kasoro, nikaeleza kosa na kuandika sahihisho chini yake. Niliogopa sana kabla ya kubonyeza, lakini hapo ndipo watu wasionijua walipoanza kuzungumza nami kuhusu vina na mizani, wengine wakipendekeza neno bora kuliko langu, na mawili kati ya maneno hayo nimeyatia katika chapa ya pili.

Baadaye mwalimu mmoja wa Muheza, ambaye sikuwahi kumwona, aliisoma diwani yote akaandika aya tatu, akiyakosoa mashairi mawili na kuniita "mshairi chipukizi wa Tanga". Nilimwomba ruhusa, nikayaweka maneno yake juu ya ukurasa wangu, pamoja na yale ya kukosoa.