Kula mgahawani Uingereza kwa asiyegusa nyama wala maziwa

Anayehamia huku Uingereza na ambaye, kama mimi, ameacha nyama, samaki, mayai na maziwa, huambiwa atafute migahawa ya vegani na mambo yameisha. Ipo, tena mizuri. Lakini maisha ya hapa hayapiti kwenye migahawa hiyo. Mwenzako akiaga kazini, mnakwenda pub, ile baa ya Kiingereza inayopika na chakula. Mtoto wa rafiki akihitimu, wazazi wanalipia meza kwa Wachina. Shemeji akija kutembea, anataka mahali penye mishikaki. Ukikataa kwenda kwa sababu ya chakula, mwanzoni watakubembeleza, baadaye hawatakualika tena, na ughaibuni mtu asiyealikwa anaumia vibaya. Mimi nakwenda. Naandika namna ninavyokula huko kwa sababu nilipofika mji huu wa Leicester hakuna aliyenieleza haya kwa Kiswahili.

Siachi vyakula hivi kwa ajili ya mwili, naacha kwa ajili ya wanyama. Ya nyama watu wanaielewa upesi, ya maziwa ndiyo huniuliza. Kwetu Singida ndama alinyonya, nasi tukakamua kilichobaki. Kwenye mashamba makubwa ya maziwa huku, ndama kwa kawaida hutenganishwa na mama yake saa au siku chache tu baada ya kuzaliwa, ili maziwa yakauzwe. Nikishalijua hilo, kikombe hakipiti kooni. Mezani simhubirii mtu. Akiuliza namjibu, asipouliza tunaongea mengine.

Swali la kuepuka ni "Mna chakula cha vegani?" Mhudumu kijana ataangalia menyu, asione kitu, na utaletewa sahani ya majani na nyanya huku wenzako wakila wakashiba. Uliza kuhusu upishi. Viazi hivi vimekaangwa kwa mafuta gani? Mchuzi huu umeanzia kwenye supu ya nini? Mboga zinamaliziwa na siagi? Kipande cha nyama kila mtu anakiona. Kinachokuponyoka ni mafuta, supu na kile kijiko cha mwisho mpishi anachotia kabla sahani haijatoka.

Chukua chakula cha Jumapili cha Waingereza, ile rosti ya pub. Toa nyama pembeni, unadhani umebakiwa na viazi, karoti, kabichi na mchuzi. Viazi mara nyingi vimeokwa kwa mafuta ya ng'ombe au ya bata bukini. Mboga zimepakwa siagi. Mchuzi umetokana na majimaji ya nyama yenyewe. Kile kikombe cha mkate wanachokiita Yorkshire pudding kina mayai na maziwa. Hata chipsi uziulize: kaskazini, hasa Yorkshire, maduka mengi ya samaki na chipsi bado yanakaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Hayo yote hayamaanishi utoke na njaa. Jiko lenye viazi, vitunguu, uyoga, maharage ya kopo na mafuta ya alizeti linaweza kukupikia, mradi limejua mapema. Ndiyo maana napiga simu saa tisa au saa kumi alasiri, chakula cha mchana kimekwisha na cha usiku hakijaanza, mpishi ana nafasi ya kusikiliza. Jumamosi saa mbili usiku hata mpishi mwenye moyo mzuri hana la kukufanyia.

Kuna sheria inayotusaidia ambayo wengi wetu hatuitumii. Tangu Desemba 2014 kila mgahawa Uingereza unatakiwa uweze kumwambia mteja ni chakula kipi kina vitu 14 vinavyoleta mzio. Miongoni mwake yamo maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, na jamii ya chaza na pweza. Omba hiyo orodha. Wengine wana jedwali lenye kila chakula na alama zake, na kwa dakika moja unajua vipi vina maziwa na vipi vina mayai. Kumbuka tu kwamba nyama haimo kwenye hivyo 14, wala mafuta ya nguruwe, jelatini (ile ya kugandisha peremende na vitindamlo, itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama) au asali. Hizo bado utauliza kwa mdomo. Alama ya V kwenye menyu nayo isikutulize, kwa kuwa mara nyingi inamaanisha hakuna nyama tu, jibini na mayai vimo.

Na tafadhali, usiseme una mzio kama huna. Najua watu wetu wanaofanya hivyo ili wachukuliwe kwa uzito. Neno mzio likiingia jikoni, kazi husimama: wanaosha mbao za kukatia, wanabadilisha visu, wanatenga sufuria, kwa sababu kuna watu maziwa kidogo tu yanaweza kuwaua. Halafu mteja aliyedai mzio asio nao anaonekana akionja keki ya jirani. Mara nyingine akija mwenye mzio wa kweli, hawatamwamini. Sema wazi kwamba huli vitu hivi kwa hiari yako. Wengi wanaheshimu.

Kwa Waitaliano kuna piza ya marinara: nyanya, kitunguu saumu, oregano, mafuta ya zeituni, na haikuwahi kuwa na jibini. Tambi kavu kwa kawaida ni ngano na maji, zile mbichi zina mayai. Kwa Wahindi agiza chapati badala ya mkate wa naan, ambao mara nyingi una mtindi au maziwa, na uombe dengu ziungwe kwa mafuta bila samli. Kwa Wachina uliza sosi ya chaza, kwa Wathai uliza sosi ya samaki na uduvi uliosagwa kwenye viungo vya mchuzi.

Mgahawa wa Kihabeshi nitausemea zaidi, kwa sababu hapo ndipo ninapokula kama mtu mwingine yeyote. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ina siku 55, na katika mfungo hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Upishi wao wa siku hizo umekomaa kwa karne nyingi. Sema unataka chakula cha mfungo, hata kama ni Jumamosi, na utaletewa injera, ule mkate wao mpana na laini wenye uchachu, na juu yake dengu nyekundu zenye pilipili, njegere kavu za njano, shiro (uji mzito wa unga wa jamii ya kunde) na sukuma. Sinia moja, mikono yote humo, na hakuna anayekuuliza unakula nini.

Hapa Leicester, kwenye barabara ya Belgrave, kuna Wagujarati wengi waliotoka Kenya, Tanzania na Uganda, wakiwemo waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Migahawa yao mingi haipiki nyama kabisa, na menyu zina mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mzee wa kaunta akinisikia naongea na mwanangu, husema, "Karibu mama, mihogo ipo." Namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, kisha namwomba asipake samli kwenye chapati. Anaelewa mara moja. Huko maziwa ndiyo ya kuangalia, maana samli na mtindi vimeingia karibu kila mahali.

Kwa Waswahili wenzetu kazi ni kubwa kuliko kwa Waingereza, na inaniuma kusema hivyo, kwa sababu maharage ya nazi, kisamvu cha karanga, mbaazi, makande na mchicha ni vyakula vyetu, vimetulea. Lakini kwenye mgahawa mama atakwambia kwa upendo kabisa, "Maharage hayana nyama, mwanangu," na ukimuuliza aliyaunga na nini, "Na kidonge cha supu ya ng'ombe, kiwe na ladha." Simlaumu. Namwomba siku moja kabla, "Mama, naomba sufuria langu dogo, nazi na kitunguu tu, kidonge usitie." Hajawahi kukataa, na wateja wengine wakiyaonja wanayaagiza.

Sherehe za Krismasi za kazini zina utaratibu wake. Fomu ya kuchagua chakula husambazwa wiki nyingi kabla, na ukichelewa kujaza unapewa kilichobaki. Jaza siku ile ile, andika kila usichokula kwa majina, kisha mpigie simu mgahawa wenyewe, usimwachie anayekusanya fomu. Suala la bili nalo lizungumzwe mapema. Huku hupenda kugawana sawasawa, na si haki ulipie minofu ya wenzako wakati umekula sahani ya uyoga. Mwambie mratibu kabla hamjaketi kwamba utalipia chako.

Ukilishwa vizuri, mwite meneja umwambie, na urudi. Pub iliyo karibu na kazini kwetu haikuwa na kitu kwa ajili yangu. Mpishi wake alianza kunipikia maharage meupe kwa nyanya na rozimeri kila nilipopiga simu, wenzangu nao wakaanza kuyaomba, na sasa yako kwenye menyu, siku zote za wiki.