Kipo? Bei gani? Mko wapi? Ninavyolitangaza duka la vyakula vya paka na ndege mtandaoni, Unguja

Mteja wa Unguja anayetafuta mchanga wa paka kujisaidia hana maswali mengi. Anauliza matatu tu: kipo, bei gani, mko wapi. Duka letu ni dogo, liko Mpendae, linauza vyakula na vifaa vya paka, ndege na samaki wa mapambo, pamoja na dawa za paka na mbwa, na kazi yote ninayolifanyia mtandaoni ni kuyajibu hayo matatu kabla hayajaulizwa. Mengine ni mapambo.

Nianze na "mko wapi", maana hapo ndipo maduka mengi ya hapa yanapopoteza watu bila kujua. Anwani zetu ni za mdomo: shuka kituo fulani, pita nyuma ya skuli, ukiuona msikiti umeshafika. Mwenyeji anaelewa. Aliyepanga nyumba Fumba, au anayeishi Paje na mbwa wake wawili, hafiki kwa maelezo hayo. Yeye anafungua ramani ya Google, anaandika anachotaka kwa Kiingereza, na duka lisilotokea pale kwake halipo duniani.

Kufungua ukurasa wa biashara kwenye Google ni bure. Jina liandike kama lilivyo kwenye kibao cha duka, bila kuongeza neno. Wako wanaoandika "Duka Bora Chakula cha Paka Bei Poa Zanzibar" wakidhani watatokea juu. Google wakigundua, ukurasa unasimamishwa, na kuurudisha ni safari ndefu. Aina kuu ya biashara ni moja, hapo chagua duka la vifaa vya wanyama, halafu nyingine ziongeze chini yake. Pini ya ramani iburute kwa picha ya setilaiti mpaka ikae kwenye mlango wako. Ukiiacha pale ilipoangukia yenyewe, mara nyingi inakaa katikati ya barabara kuu na mteja anazunguka mtaa mzima.

Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni wa video, nayo inarekodiwa papo hapo kwa simu, bila kukata. Ianzie nje: barabara, majengo ya jirani, kibao. Kisha uonekane ukifungua mlango kwa ufunguo, uingie, uoneshe rafu na meza ya kuuzia. Video inayokataliwa kwa kawaida ni ile iliyorekodiwa ndani tu, au duka halina kibao kabisa. Kama kibao chako bado ni karatasi iliyobandikwa, kachoreshe kwanza. Na uwe na bando la kutosha, kwa sababu video ikikatikia njiani unaanza upya.

Kwenye saa za kufungua kuna mtego wa kwetu wenyewe. Mtu anayefikiri kwa saa ya Kiswahili anaandika 2:00 asubuhi, Google inaelewa saa nane za usiku, na duka linaonekana limefunguliwa wakati popo wanaruka. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Ijumaa igawe sehemu mbili ili wakati wa sala uonekane umefunga. Mwezi wa Ramadhani tumia sehemu ya saa maalumu, usibadilishe saa za kawaida, la sivyo mfungo tatu itakukuta bado una ratiba ya mwezi mtukufu. Mteja aliyetoka Jambiani akakuta mlango umefungwa, huku simu yake inasema mko wazi, harudi tena na maoni anaacha.

Picha za Google ninazoziona zina kazi ni tatu: duka likionekana kutoka upande wa pili wa barabara, kibao kwa karibu, na rafu nzima. Picha ya paka aliyevaa miwani haimfikishi mtu dukani.

"Kipo" ni kazi ya WhatsApp ya biashara, na hapa ndipo wenyeji walipo. Katalogi, yaani orodha ya bidhaa ndani ya WhatsApp, naijaza vitu vinavyopatikana leo tu. Kikiisha, nakificha siku hiyo hiyo. Katalogi yenye vitu 80 ambavyo nusu yake havipo inafundisha watu kwamba duka hili ni la maneno. Majibu ya haraka ninayo manne: moja la bei za chakula, moja la mchanga, moja la ramani, moja la namba ya malipo. Jibu zuri linakuwa hivi: "Waalaykumu salaam. Ndiyo kipo. Kilo moja 14,000, kilo tano 65,000. Tupo Mpendae, ramani hii hapa. Leo tunafunga saa mbili usiku." Limemaliza. Hiyo tabia ya kuandika "bei njoo pembeni" chini ya picha siipendi hata kidogo. Mnunuzi anaisoma kama "bei inategemea uso wako", na anayetaka kitu sasa hivi anakwenda kwingine.

Ujumbe wa kutuma kwa wengi una masharti mawili ambayo watu hawayajui. Orodha moja inabeba namba 256 mwisho, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Kwa hiyo dukani, mtu akilipa, namwomba aihifadhi namba palepale kabla hajaondoka. Kusubiri aikumbuke nyumbani ni kujidanganya. Orodha nazigawa: wa paka, wa ndege, wa samaki. Mwenye chiriku ukimtumia habari za mchanga wa paka mara tatu atakuzuia, na wakiwa wengi wanaokuripoti, namba yenyewe inaweza kufungiwa.

Kilichouza kuliko matangazo yote ni hesabu ya kilo. Paka mzima wa kilo nne anakula gramu 50 mpaka 60 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo kilo moja inakwisha kati ya siku ya 17 na ya 20. Mimi namwandikia mteja siku ya 15, yeye peke yake, kwa jina la paka wake. Jina hilo nimelihifadhi pamoja na namba, kwa mfano "Bi Asha, Nyausi, kilo 1". Nyumba ya paka watatu inamaliza kilo hiyo ndani ya wiki moja, basi ile napendekeza mfuko mkubwa mapema. Dawa ya viroboto ya kudondoshea shingoni kwa kawaida ni kila mwezi, dawa ya minyoo kwa paka mzima kila miezi mitatu. Tarehe zote zimo kwenye daftari na kwenye kalenda ya simu.

Nikitaja viroboto: dawa ya mbwa yenye pamethrini, kiua wadudu kinachoandikwa permethrin kwenye pakiti, inaua paka. Hilo naliandika kwa herufi kubwa kila ninapoweka picha ya dawa ya mbwa, na kwenye rafu nazitenga mbali. Tangazo la namna hii halina mbwembwe, lakini watu wanalituma kwa jamaa zao kuliko tangazo lolote la punguzo.

Mshindani wetu mkubwa hapa si duka jingine. Ni dagaa. Paka wa Unguja amekulia kwenye dagaa na vichwa vya samaki wa Darajani, na ukianza kumwambia mwenye nyumba kwamba anamlisha vibaya, umemkosa. Mwenye kulisha dagaa mimi namuuzia mchanga, dawa ya minyoo, na kitana. Akiuliza mwenyewe, ndipo namweleza kwamba samaki wabichi peke yao, siku zote, si lishe kamili, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kitu kinachovunja vitamini B1 mwilini mwa paka. Achanganye. Mara nyingi ananunua kilo moja kujaribu.

Kwenye picha, kanuni ni moja: kitu chenyewe, dukani kwetu, leo. Picha ya kiwandani iliyochukuliwa mtandaoni inajulikana mara moja. Piga picha mfuko ukiwa mkononi, uugeuze, uoneshe tarehe ya mwisho wa matumizi. Hali ya hewa yetu haina huruma: wakati wa masika mafuta ya chakula kikavu yanachacha upesi mfuko ukishafunguliwa, na uwele na mtama wa ndege unaingia fukusi. Kwa hiyo ninapogawa gunia kwenye mifuko ya kilo moja sigawi zaidi ya tutakachouza ndani ya wiki mbili, na kila mfuko naubandika tarehe ya gunia. Video ya sekunde 20 ya kugawa huko, mizani ikionekana, inatosha kuwa tangazo la wiki. Tangi la samaki lina ufundi wake: zima taa za duka, acha ya tangi tu, zima mwanga wa simu, weka simu karibu kabisa na kioo kwa mshazari kidogo. Ukisimama mbali unapiga picha ya fulana yako.

Wanyama wenyewe ni jambo la kuendea polepole. Kanuni za biashara za WhatsApp na zile za soko la Facebook hazikubali kuuza wanyama hai, kwa hiyo ndege na samaki hawamo kwenye katalogi. Zimo tundu, pampu za hewa na chakula, na dawa nazo hukataliwa mara nyingi. Paka hatuuzi kabisa. Wapo watakaokujia na hadithi ya kukatazwa bei ya mbwa na paka, na wapo wa kuwajibu kwamba wanazuoni wengi wameruhusu ya paka, na chini ya picha yako panageuka barza hadi usiku wa manane. Sisi tunaweka picha ya anayetafutiwa nyumba bure, mchukuaji ananunua chakula na mchanga, na hapana wa kuudhika. Kobe, komba, na kasuku wa kijivu usiwaguse hata kwa picha ya mzaha. Kasuku wa kijivu yumo kwenye kiambatisho cha kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, tangu Januari 2017, yaani biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa.

Matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram yanafaa, ila Unguja ina jiografia yake. Mtu anaweka pini mjini, anachora duara la kilomita 50 ili afike Paje na Nungwi, na hapo hapo ameingiza Bagamoyo. Akilivuta mpaka 80, amelipia sehemu kubwa ya Dar es Salaam, mji wenye watu wengi kuliko sisi mara kadhaa, na pesa yote inaishia huko. Weka pini tatu badala ya moja: mjini kilomita 12, Paje kilomita 10, Nungwi kilomita 10. Jambo jingine ni kwamba mfumo unahesabu pia waliopita eneo hilo karibuni, kwa hiyo Julai, Agosti na Disemba sehemu ya pesa inakwenda kwa watalii ambao paka wao wako Ulaya. Miezi hiyo mimi naandika tangazo la Kiswahili tu. Kiwango changu ni 5,000 kwa siku, siku nne, mwanzoni mwa mwezi mishahara ikishatoka. TikTok naitumia, lakini siidanganyi nafsi yangu: video ikivuma, watazamaji ni wa Mbeya na Mwanza.

Ili ujue kipi kinafanya kazi, dukani weka daftari lenye safu tatu: tarehe, alichonunua, ametujuaje. Google nao wanaonesha wangapi waliomba njia na wangapi walipiga simu. Linganisha na daftari. Idadi ya wafuasi haimo kwenye daftari langu.

Malipo nayapokea kwa lipa namba. Picha ya ujumbe wa muamala anayotuma mteja siihesabu kuwa malipo, kwani kuitengeneza ni dakika mbili. Naangalia salio langu ndipo mzigo unatoka. Wa mjini anapelekewa na bodaboda. Wa shamba anapata kwa daladala: 116 kwa Nungwi, 309 kwa Jambiani. Napiga picha namba za gari, namtumia mteja pamoja na namba ya konda, na mzigo naupeleka kabla ya alasiri, kwa kuwa gari za jioni zinajaa na mfuko wa mchanga unaishia chini ya miguu ya watu na kupasuka.

Pemba napeleka kwa boti, lakini vitu vikavu tu. Samaki hai siwatumi peke yao. Anayewataka Chake au Wete awachukue mkononi: wasipewe chakula siku moja kabla ya safari, mfuko uwe theluthi maji na theluthi mbili hewa, ufungwe mara mbili, uwekwe ndani ya boksi lenye gazeti, na akae nao kivulini, si kwenye sitaha.