Kati ya Kingo Mbili za Bara

Namshukuru Mungu nimerejea salama kutoka Aislandi, nchi ya watu wasiofikia laki tano, ambako mwezi Juni usiku hauingii giza na mtu hulazimika kufunga mapazia mazito ili apate usingizi.

Siku iliyonigusa zaidi ni ile tuliyofika Þingvellir, mahali ambapo bunge la nchi hiyo, Alþingi, lilianza kukutana mwaka 930, na ambapo ardhi yenyewe imepasuka kwa sababu bamba la Amerika ya Kaskazini, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, na lile la Ulaya na Asia yanaachana polepole. Mimi niliyekulia ukingoni mwa Bonde la Ufa, karibu na Naivasha, nilipougusa ukuta ule wa mwamba mweusi uliojaa kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe, nilijihisi niko nyumbani.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye chemchemi ya Strokkur, ambayo hurusha maji ya moto kila baada ya dakika chache. Kabla hayajaruka, maji huvimba kama kuba la kioo cha buluu, kwa nukta moja tu, kisha hupasuka na kupanda mita 15 au zaidi. Niliyatazama mara sita, mwenyeji wetu akisubiri kwa subira.

Maporomoko ya Gullfoss tuliyapitia kwa haraka kwa sababu ya mvua. Jioni, huko Laugarvatn, tulionja mkate mweusi uliookwa ndani ya mchanga wa moto kwa saa 24, ukiwa bado unafuka mvuke, na siagi ikiyeyuka juu yake.