Picha za zamani za Webuye: wiki ya kumi na nne

Nilipoanza mwezi wa pili nilidhani nakusanya picha za kiwanda cha karatasi. Leo nina picha 312 kutoka nyumba kumi na moja, na zinazoonyesha watu wakiwa kazini ni nne tu. Watu hawakuingia kazini na kamera. Walipiga picha mshahara ulipotoka, siku ya Krismasi, siku mtoto alipobatizwa. Wamevaa nguo za kutokea, wamejinyoosha, wanamtazama mpiga picha bila kupepesa. Mji uliokuwa ukijengwa nyuma yao haukuwa hoja. Uliingia kwenye picha wenyewe, juu ya bega la mtu, kati ya miguu, pembeni kabisa karibu na ukingo. Huko pembeni ndiko ninakotafuta sasa.

Kwa wasioujua mji wetu, ulio magharibi mwa Kenya: zamani za ukoloni paliitwa Broderick Falls, kwa ajili ya maporomoko ya mto Nzoia. Reli ya kwenda Uganda ilipita hapa, lakini penyewe palikuwa pahali pa maduka machache. Mwaka 1969 ikaundwa kampuni ya Pan African Paper Mills, ubia wa serikali ya Kenya, Orient Paper Mills ya India na IFC, shirika la fedha lililo chini ya Benki ya Dunia. Maji ya Nzoia yalikuwapo, reli ipo, na miti ya kupikwa kuwa karatasi ilipandwa upande wa Turbo. Uzalishaji ulianza 1974. Kwa hiyo vijana walioingia mjini miaka ile walikuta kila kitu kibichi: nyumba, barabara, hata majirani. Kiwanda kilifungwa 2009, na waliokuwa vijana wakati ule ndio wazee ninaowabishia hodi leo.

Sasa kosa langu, kwa sababu limenila wiki tatu. Programu ya skana, mashine ninayonakilia picha hizi kwenye laptopu, ina kitufe cha kukata kingo yenyewe. Nilikiacha kimewashwa tangu siku ya kwanza, nikifurahi jinsi picha zinavyotoka safi, zimenyooka, bila ule mpaka mweupe. Sikugundua kwamba pamoja na mpaka ilikuwa inamega na kipande cha picha yenyewe, milimita mbili hapa, tatu pale. Picha 140 zilipita hivyo. Nimelazimika kurudi kwenye nyumba tano na kuomba albamu upya. Hakuna aliyenikatalia, ila ni aibu kumwambia mtu mzima kwamba kazi aliyokukalia nayo mchana kutwa hukuifanya vizuri.

Nyumba ya kwanza kurudi ilikuwa kwa kukhu (bibi) mmoja upande wa Maraka. Nilipofika alikuwa ameshaiweka albamu mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Ni zile albamu za kurasa zenye gundi na plastiki juu. Gundi yake imegeuka kahawia na kushika picha kama ulimbo. Ukivuta kwa kucha unachana. Mimi napitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, polepole, kama mtu anayekata ugali kwa uzi, mpaka upande wa pili. Ikikataa, naiacha hapo hapo na kuskani ukurasa mzima.

Picha niliyokuwa naihitaji ilikubali. Ni ya nyeusi na nyeupe, vijana watatu wamevaa bugaluu (suruali pana chini) na raizoni (viatu vya soli nene), wa katikati ni marehemu mumewe. Nyuma ya picha hakuna maandishi.

“Kukhu, hii ilipigwa mwaka gani?”

“Wiki ile alipoandikwa kazi. Nilikuwa na mimba ya kifungua mimba wangu.”

“Na huyo alizaliwa lini?”

“Sabini na mbili. Iko kwenye kipande chake cha kitambulisho.”

Nikaiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi badala ya 600 zangu za kawaida, kitufe kikiwa kimezimwa. Ukingoni kulia, ndani ya kile kipande kilichokuwa kimemegwa mara ya kwanza, kulikuwa na mstari mnene wa kijivu unaosimama kutoka nyuma ya mti. Nikaukuza. Ni bomba la moshi la kiwanda, halijafika juu, limezungushiwa jukwaa la mbao la mafundi. Juu kabisa ya jukwaa kuna kitone cheusi ambacho naamini ni mtu.

Nilimgeuzia laptopu. Akavaa miwani, akasogea, akakaa kimya. Kisha akauliza, “Hili lilikuwa hapo siku zote?” Picha hiyo amekaa nayo zaidi ya miaka hamsini, na mimi nilikuwa nimeikata pembe ile bila hata kuitazama. Bomba ambalo halijaisha linakubaliana na maneno yake, yaani 1971 au 1972. Nimeandika tarehe hiyo kwenye daftari pamoja na sababu zote mbili, kumbukumbu yake na bomba, ili atakayekuja baadaye apime mwenyewe.

Si kila dalili ina nguvu hiyo. Nina picha ya kinyozi chini ya mti, na ukuta nyuma yake umepakwa maneno ABALUHYA F.C. Timu ile ilibadili jina ikawa AFC Leopards mwaka 1980, na rafiki yangu anasema basi picha ni ya kabla ya hapo. Mimi sikubali. Rangi ya ukutani haifutiki siku timu inapobadili jina, na mashabiki wa Ingwe, kama tunavyoiita timu hiyo, nawajua. Nambari za magari nazo zinasaidia kwa kiasi: gari lenye herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho, lilisajiliwa kabla ya zile za KAA kuanza 1989. Hilo linanipa mwaka wa gari, halinipi mwaka wa picha.

Picha za rangi za miaka ya sabini zote zimekuwa nyekundu. Harusi nyekundu, ng'ombe wekundu. Wenyewe wanadhani ni jua, lakini hata zilizofungiwa sandukuni ziko hivyo hivyo, kwa kuwa rangi yake ya samawati hufifia hata gizani na nyekundu ikabaki peke yake. Za nyeusi na nyeupe ni madini halisi ya fedha ndani ya karatasi, ndiyo maana zinavumilia. Narekebisha rangi kwenye nakala tu. Faili la kwanza siligusi. Picha yenyewe haitoki nyumbani kwa mwenyewe. Skana ndiyo inayopanda boda.

Jana, nikiwa nafunga vifaa, mzee mmoja aliyekuwa akipiga picha mitaani Jumapili kwa baiskeli alinipa kopo la maziwa ya unga. Ndani kuna negativu za filamu pana, zimeviringishwa na kufungwa kwa raba. Nilipofungua kifuniko ilinipiga harufu ya siki. Hiyo ni plastiki ya negativu inaoza, ikianza haina dawa, na moja huambukiza zilizo karibu. Nimezikata raba, nikazitenganisha moja moja kwenye bahasha za karatasi, na usiku nimelala dirisha likiwa wazi. Nimehesabu mikanda kumi na saba, picha kumi na mbili kila mmoja. Albamu za wengine zitangoja. Jumamosi naanza na hizi, na ule uliojikunja zaidi ndio wa kwanza.